Kuhusu spidi ya kutaipu, someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu waandishi wa Mtwara na nyie wa Lindi mnaokuja na basi. Jumamosi saa kumi tunakutana palepale Shangani, mwenye laptopu aje nayo imejaa chaji maana umeme wetu mnaujua.

Wiki ilopita nimekaa na dada mmoja wa humu, hadithi anayo kichwani tamu kabisa, ila anataipu kwa vidole viwili macho kwenye kibodi, akiinua kichwa sentensi ishampotea, iliniuma sana. Kwa hiyo tunaanzia hapo. Papaseni herufi F na J, zina kinundu kidogo, vidole vya shahada vinakaa hapo, vingine vinafuata pembeni, halafu huangalii tena chini. Sasa sisi wa Kiswahili tuna kazi yetu, a zimejaa kila mahali na a inabonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ambacho ndo kidhaifu, chukua tu "hawajatuambia", a tano! Kidole hicho kifanyieni mazoezi dakika kumi kila siku, taratibu, spidi baadaye.

Na zile programu za kupima spidi msikate tamaa, nyingi zinahesabu kila mibonyezo mitano kuwa neno moja, hilo "hawajatuambia" pamoja na nafasi yake ni karibu maneno matatu. Wa simu tu njooni pia jamani, kibodi ya kuchomeka tutapokezana.