Risala ya Kikundi cha Vijana Wachezaji wa Eisa kwa Mgeni Rasmi, Okinawa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Sisi vijana wa kijiji hiki tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi tunapojiandaa kwa Obon, sikukuu ya kuwakaribisha wahenga.

Historia ya eisa, dansi yetu ya ngoma ya wakati wa Obon, ni ndefu, nasi tutaigusa tu. Huhusishwa na nyimbo za sala za Kibudha alizozieneza mtawa Taichu, aliyefika mwaka 1603 katika Ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivi zamani. Baada ya vita vya 1945, vilivyoua takriban mtu mmoja kati ya kila wanne visiwani humu, walionusurika waliunda sanshin, ala ya nyuzi tatu, kwa makopo matupu wakaimba katika kambi walimowekwa. Mwaka 1956 mashindano ya eisa yakaanza katika mji wa Koza.

Kwa upande wa mafanikio, tunajivunia kupata wachezaji wapya sita na chondara hodari, yule mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe anayechekesha watu huku akiweka msafara sawa. Aidha, tumetumbuiza mara mbili katika makao ya wazee, ambako bibi mmoja asiyeweza kusimama alicheza kwa mikono hadi mwisho.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja: ghala la ngoma. Ngoma zetu kubwa zimewambwa ngozi ya ng'ombe, nazo zinalala katika kibanda cha mabati ambacho kimbunga kilikipasua paa. Unyevu wa kiangazi huziotesha ukungu, ngozi zikalegea, na tatu kati ya nane zimekwisha kuchanika. Usiku wa Ukui, yaani usiku wa mwisho wa Obon, tarehe 15 ya mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, tunapita vichochoroni kuwasindikiza wahenga waliokuja kukaa nasi siku tatu. Nyumba yenye msiba wa mwaka huu hutusubiri mlango wazi, na tukipita na ngoma zisizolia tutakuwa tumemuaga marehemu wao kwa minong'ono.

Kwa heshima kubwa tunakumbusha kwamba ombi hili si geni. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walilipokea kwa makofi katika uwanja huuhuu. Wa kwanza alituahidi ghala kabla ya Obon iliyofuata, na wa pili alituma watu wakapima kiwanja, wakapigilia vigingi vinne, wasionekane tena. Vigingi hivyo vingalipo nyuma ya kiti chako, na tungefurahi ukivitazama kabla ya kuondoka. Hatumlaumu mtu, ila wazee waliotufundisha nyimbo wanapungua, na kila mwaka wanatuuliza swali lilelile.

Kwa hiyo tunakuomba, pamoja na neno la matumaini, ututajie leo mwezi ambao ujenzi utaanza na afisa tutakayemfuata. Mawe na nguvu za mikono tutatoa sisi wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.