Mama, kuhusu yale maneno ya shangazi

Mama shikamoo,

Natumaini mko wazima hapo Tanga, mguu umepoa na mwanangu hakusumbui kwenye kula. Mimi huku Nottingham mzima, baridi imepungua ila jua la hapa ni kama tochi iliyoishiwa betri, linawaka halichomi.

Jumapili sikupiga, usikasirike, niliunganisha zamu ya mchana na usiku, alafu kuna kitu nilitaka nikwambie kwa kirefu na kwenye simu unaanza kulia na mimi naanza, bando linaisha hatujasema kitu.

Kazini kuna mzee mmoja namhudumia, zamani alichimba makaa ya mawe huku huku Nottinghamshire, dunia yake yote ni kriketi. Ule mchezo nyumbani tunauita wa wahindi mama, wanavaa meupe wanasimama uwanjani kutwa. Sasa siku moja kwenye tivii wanacheza wadada, The Blaze, ndo timu ya wanawake ya Nottinghamshire, wanalipwa mshahara kabisa, nikamwambia mzee kumbe na wanawake wanacheza, weee alinitazama kama nimemtukania mamaake. Akasema kaa chini.

Ndo akanipa habari za Enid Bakewell. Kazaliwa 1940 kijiji cha Newstead, sio mbali na hapa, baba yake mchimba makaa kama huyu mzee. Alichezea kaunti hii ya Nottinghamshire na baadae kaunti ya Surrey, na alikuwa anafanya vyote, kupiga na kurusha. Wengi wanajua kimoja tu, ukimpa gongo (la kupigia mama, sio lile la kwa mjomba) anapiga, ukimpa mpira arushe anaharibu, lakini huyu anaanza yeye kupiga alafu jioni anarusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira unapinda watu wanatoka mmoja mmoja.

Mwaka 1968 timu ya Uingereza ya wanawake ikasafiri Australia na New Zealand. Na walikuwa hawalipwi mama, nauli wanajitafutia wenyewe! Enid ni mwalimu wa michezo shuleni, ana mume, ana binti mdogo. Akamwacha mtoto nyumbani akaenda, miezi sio wiki. Mechi yake ya kwanza kabisa ya taifa, kule Adelaide, akapiga mikimbio 113 (ndo pointi zao), na ziara nzima kavuka mikimbio 1,000 na wiketi 100, yani wapigaji aliowatoa. Mzee alivyotaja hizo namba kanyanyua kidole, mimi nimebaki kwenye mtoto tu, namba zinapita pembeni.

Maana nilikumbuka maneno ya shangazi siku ile naondoka, eti mama gani anaacha mtoto. Najua hakusema kwa ubaya ila mpaka leo nikiwa naosha vyombo usiku nayasikia.

Haya, 1973 likaja kombe la dunia la kwanza la kriketi ya wanawake, na sikiliza hii, wanaume walikuwa hawana kombe bado, lao lilianza 1975. Mechi ya mwisho iliyoamua bingwa ni uwanja wa Edgbaston kule Birmingham, Uingereza na Australia, Enid akapiga 118, wakachukua. Alafu 1979, uwanja ule ule wa Edgbaston, mechi yake ya mwisho ya zile ndefu za siku kadhaa, na West Indies. Hapa mzee alikaa wima kabisa mimi nikaogopa kiuno. Zamu moja ya kupiga timu nzima ilipata 164, wenzie wote wametolewa, yeye kaingia wa kwanza na hakutolewa, kabaki na 112 zake. Yani wengine wote ukiwachanga hawamfikii nusu. Na kwenye mechi hiyo hiyo akachukua wiketi 10. Ukijumlisha mechi zake zote ndefu za taifa ni 12 tu kwa miaka 11, maana wanawake walikuwa hawapangiwi, wenzao wanaume mechi 12 wanamaliza kwa mwaka mmoja. Inaniuma utadhani ni ndugu yangu. Na alipopita miaka 70 alikuwa bado anashika gongo kwenye timu za mtaani.

Mzee alimaliza akaomba chai. Mimi nilichotaka kumuuliza wala sio wiketi, nilitaka kujua siku ile amerudi kutoka huko Australia, yule mtoto alimkimbilia au alijificha nyuma ya mtu. Sikuuliza, nikaenda kuweka maji jikoni, nikakaa huko kidogo.

Likizo yangu wamepitisha, ni mwezi wa kumi na mbili, tiketi nalipa kidogo kidogo. Usimwambie mtoto bado maana atahesabu kila siku na atakuchosha. Shangazi msalimie, mwambie nimemwekea vitenge viwili, hayo mengine usimwambie. Hela ya dawa nimetuma juzi angalia kwenye simu.

Na mama, naomba mkanyagishe mtoto kwenye karatasi, mchoree mguu kwa peni, piga picha nitumie leo leo. Viatu nilivyonunua nimekadiria tu kwa macho ya mwaka juzi.

Mwanao