Cheti cha jengo la kijani kisubiri bili za mwaka mzima

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu jengo jipya la ofisi lililopewa cheti cha kijani, yaani cha jengo linalobana matumizi ya nishati na maji, hata kabla wapangaji hawajamaliza kuhamia. Waliolijenga wamejitahidi, na nawapongeza. Ila kuna jambo makala haikuligusa: jengo hilo halijatumika bado. Hakuna anayejua litatumia umeme kiasi gani wala maji kiasi gani. Kilichopewa cheti ni michoro, hesabu za kompyuta na orodha ya vifaa vilivyofungwa.

Mimi kazi yangu ni kuendesha mitambo ya majengo mkandarasi akishakabidhi funguo, na ninayoyaona huko ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Sipingi vyeti. Kabla mfumo wa vyeti wa BREEAM haujaanza Uingereza mwaka 1990, na baadaye wa LEED kule Marekani, ni wenye majengo wachache mno waliouliza maswali haya. LEED hutoa hadi alama 110: ukifikisha 40 unapata cheti cha kawaida, 50 ni daraja la fedha, 60 ni dhahabu, 80 ni platinamu. EDGE, mfumo mwingine wa vyeti, wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na kiasi hicho hicho katika hesabu ya utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Ni malengo mazuri. Lakini jengo jipya linapopimwa, mara nyingi hulinganishwa na jengo la mfano lililomo ndani ya kompyuta tu. Ukiambiwa limeokoa asilimia 20, maana yake linatarajiwa kutumia pungufu kuliko hilo lisilokuwepo.

Niliwahi kupokea jengo lenye cheti cha daraja la juu. Kila ghorofa ilikuwa na mita yake ya umeme, maana mita hizo zilikuwa zimelipatia alama, lakini hakuna hata moja iliyounganishwa na kompyuta ya usimamizi. Baadhi bado zilikuwa na nailoni ya kiwandani. Kwenye korido, vitambuzi vya kuwasha na kuzima taa vilikuwa vimezibwa kwa utepe wa gundi kwa sababu taa zilikuwa zikizimika watu wakiwa kazini. Kilichoniuma zaidi kilikuwa pampu ya maji baridi ya viyoyozi. Ilinunuliwa ikiwa na kifaa cha kubadili kasi kulingana na joto lililopo, lakini swichi yake ilikuwa imeachwa kwenye uendeshaji wa mkono tangu siku ya majaribio, nayo ikazunguka kwa kasi ya juu kabisa mchana na usiku, jengo likiwa na watu au likiwa tupu. Kwa kanuni ya pampu za aina hii, ukipunguza kasi hadi nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane. Akiba yote hiyo ilikuwa inapotea kwa sababu ya swichi moja.

Hakuna aliyedanganya. Kila kilichoandikwa kwenye hati za cheti kilikuwepo ukutani. Mkaguzi aliulizwa kama vifaa vipo, akajibu vipo. Hakuulizwa kama vinafanya kazi iliyokusudiwa miezi sita baadaye, na mshauri aliyeandaa hati hizo alikuwa ameshalipwa na kuondoka.

Mtu atasema haiwezekani kusubiri. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Nchini Australia, mfumo wa NABERS hutoa nyota, mwisho sita, kwa kusoma bili na mita za miezi 12 iliyopita, na nyota hizo huisha muda baada ya mwaka mmoja. Tangu sheria ya mwaka 2010, anayeuza au kupangisha ofisi kubwa huko analazimika kutangaza nyota za jengo lake. Mfumo mwingine wa vyeti, Living Building Challenge, nao hautoi cheti kamili mpaka jengo liwe limetumika miezi 12 mfululizo. Hata LEED ina njia ya kupima majengo yaliyokwisha kukaliwa. Tatizo ni kwamba cheti cha ufunguzi ndicho chenye picha na hotuba, na cha matumizi hakina mwenyewe.

Najua pia hoja ya wenye majengo: benki na wapangaji wanataka kuona cheti mapema. Basi kitolewe cha muda, chenye tarehe ya kuisha, na kigeuzwe kuwa cha kudumu bili zikishasomwa. EDGE tayari ina cheti cha awali cha michoro na cha mwisho baada ya ukaguzi wa ujenzi. Kuongeza hatua ya tatu kwa kila jengo si mzigo mkubwa. Wengine husema mwenye jengo asihukumiwe kwa matumizi ya mpangaji anayeacha kompyuta zikiwaka. Ni kweli, na NABERS hulitatua kwa kupima mitambo ya jengo peke yake, na ofisi ya mpangaji peke yake.

Ninaloliamini hasa ni hili: tukianza kupima kwa bili, michoro yenyewe itabadilika. Leo alama nyingi hutafutwa mwishoni, kwa kununua vifaa. Msanifu anayejua kwamba bili za mwaka zitasomwa hadharani ataanza na jua. Ataweka kuta fupi mashariki na magharibi, maana jua la jioni huwa chini na huingia ubavuni, kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii. Linahitaji bapa za wima au ukuta usio na dirisha kabisa. Ataweka kivuli nje ya kioo, kwa sababu kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua, na pazia la ndani hulizuia joto ambalo limeshaingia chumbani. Jengo la Eastgate la Harare, alilosanifu Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi: feni huvuta hewa baridi ya usiku, zege nzito hupoa, na mchana zege hiyo hupokea joto la ndani. Huwezi kulipata hilo kwa kubandika paneli za jua juu ya sanduku la kioo.

Nikiri kwamba bili hazioneshi kila kitu. Utengenezaji wa saruji peke yake huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi. Hesabu ya zege na nondo lazima ifanyike kwenye michoro, kabla ya kumwaga, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kuokoa. Huko hati za mapema zina kazi yake, na zibaki.

Kwenu wahariri nina ombi. Mtakapoandika tena kuhusu jengo lililopata cheti, muulizeni mwenye jengo kama cheti ni cha usanifu au cha matumizi, na mchapishe uniti za umeme lilizotumia kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kama bado hana namba hiyo, liandikeni hilo pia kwenye habari, kisha mrudi kwake baada ya miezi 12.

Msomaji wenu,
Msimamizi wa mitambo ya majengo