Protini za neva hazitiririki, zinasimama

Mhariri,

Baadhi ya maelezo ya baiolojia yanayosomwa vyuoni bado yanasema kwamba protini za kiunzi cha seli ya neva hutiririka taratibu ndani ya aksoni, yaani tawi refu la seli hiyo linalopitisha ishara, pamoja na ute wake. Kasi inayotajwa, milimita 1 hivi kwa siku, ni sahihi. Weiss na Hiscoe waliikadiria tangu 1948. Kilichokosewa ni sababu yake.

Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani waliona kwa hadubini nyurofilamenti, yaani nyuzi za protini za kiunzi hicho, mojamoja zikikimbia, wastani wa karibu nusu mikromita kwa sekunde. Zingekwenda hivyo bila kukoma, zingemaliza milimita 43 kwa siku. Hazifiki huko kwa sababu muda mwingi zimesimama, kama lori zima linaloshinda kwenye foleni ya mzani. Mwaka 2005 Anthony Brown, Lei Wang na Peter Jung waliiga mwendo huo kwenye kompyuta na kuulinganisha na wimbi la protini zenye mionzi katika neva za panya, yaani kundi la protini zilizotiwa alama pamoja na kufuatiliwa zikisonga. Hesabu yao ilitoa asilimia 97 ya muda kuwa ni wa kusimama. Asilimia 3 ya 43 ni 1.3; ikiwa moja ya tano ya mwendo ni wa kurudi nyuma, inabaki karibu 0.8.

Mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato anaweza kuurudia uigaji huu. Kila nyurofilamenti ipewe hali yake: inakwenda mbele au nyuma, imetua kidogo ikiwa bado njiani, au imeachana na mikrotubuli, yaani reli zake ndani ya seli, kwa muda mrefu. Hizo hali mbili za kutua zisiunganishwe. Ukiweka moja tu, ya sekunde chache, kasi itatoka sawa lakini wimbi litakuwa jembamba mno, maana vituo vingi vifupi hufidiana. Vituo virefu ndivyo vinavyolitanua.

Wengi hukwama kwenye hatua ya muda, yaani muda ambao kompyuta husonga mbele kwa kila hesabu. Mwendo ukidumu sekunde 5, hatua ya sekunde 10 huuruka. Ukishuka hadi nusu sekunde, siku 60 ni zaidi ya hatua milioni 10 kwa nyurofilamenti moja, na kwa nyurofilamenti 10,000 ni zaidi ya bilioni 100. Tumia njia ya Gillespie, inayoruka moja kwa moja hadi badiliko linalofuata: chukua namba nasibu kati ya 0 na 1, tafuta logi asilia yake, ondoa alama ya hasi, kisha gawanya kwa jumla ya viwango (uwezekano kwa sekunde) vya kuiacha hali iliyopo. Jibu ndilo muda wa kusubiri badiliko linalofuata. Usipunguze nyurofilamenti hadi 100, kilele cha wimbi kitarukaruka. Wala zisianze zote zikiwa mwendoni. Zigawe: 97 kati ya 100 zimesimama, 3 zinakwenda.

Kisha pandisha muda wa kusimama kutoka asilimia 97 hadi 98.5. Kasi inapungua nusu, na kama seli inaendelea kuingiza protini kiasi kilekile, msongamano huongezeka maradufu bila kinesini wala dainini, protini-mota zinazozisogeza, kuharibika. Hili ni zito: mirundikano ya nyurofilamenti huonekana katika neva za wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na hitilafu za NEFL, jeni ya protini mojawapo ya nyurofilamenti, husababisha aina mojawapo ya Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa kurithi wa neva za miguu na mikono. Swali la kumpa mwanafunzi hapo ni nini kinachorefusha kusimama. Fosfeti zinazoongezeka kwenye mikia ya nyurofilamenti ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa.

Wasomaji wenu,
Walimu wa baiolojia ya seli