Sikujifundisha tarumbeta peke yangu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 22 bila kukuandikia hata mstari mmoja, na nilinyamaza hata siku ile mlipoiita tarumbeta yangu saksafoni chini ya picha. Habari yenu ya Jumapili iliyopita ndiyo iliyonishinda, ile yenye picha yangu nikiwa ufukweni Dunga, macho nimeyafumba kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Kichwa chake kilitangaza kwamba mimi ni mpiga jazi wa Kisumu "aliyejifundisha mwenyewe", na katika aya ya tatu mkaongeza kwamba ujuzi wangu niliupata kwenye video za intaneti. Nilianza kupuliza tarumbeta mwaka 1991, mhariri, wakati ambapo mtaani kwetu hata simu ya mezani ilikuwa ya kuomba kwa jirani.

Mwandishi wenu alikaa nami zaidi ya saa nzima, na nusu ya muda huo nilimzungumzia mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa shujaa wangu kabla hajawa mwalimu wangu. Nilikuwa darasa la nne nilipomsikia kwa mara ya kwanza, katika dansi ya Krismasi ambako baba yangu alikuwa akikata tiketi mlangoni. Nilijibanza nyuma ya meza yake, na sauti ya tarumbeta ilipopanda juu ya magitaa nikasahau kabisa soda niliyonunuliwa. Miaka sita baadaye nilibisha hodi kwake Kaloleni. Hakunipa tarumbeta. Alinipa kile kipande cha mdomoni peke yake, kimeviringishwa katika leso, akaniambia nirudi kitakapoacha kulia kama mbu, nami nilikipuliza miezi miwili mpaka mama akanihamishia nyuma ya banda la kuku. Niliporudi alinisimamisha mbele ya ukuta, akakata kipande cha gazeti, akanitaka nikishikilie pale ukutani kwa pumzi tu, bila kukigusa kwa mkono, hadi amalize kuhesabu ishirini. Ada yake ilikuwa nusu kilo ya sukari kila Jumamosi, na sehemu kubwa ya sukari hiyo tuliimaliza pamoja kwenye chai.

Alipokuwa akilainisha pistoni za tarumbeta kwa mafuta ya taa, aliyokuwa akiyachuja kwanza kwa kitambaa, alinisimulia habari za Joe Oliver na Louis Armstrong, wapiga jazi wa Marekani, kama mtu anayehesabu vizazi vya ukoo wake. Oliver ndiye aliyemwita Armstrong kutoka New Orleans mwaka 1922 aje Chicago kupiga korneti ya pili, ndugu mfupi wa tarumbeta, katika bendi yake. Haikuchukua miaka mingi kijana akampita mwalimu, na mwaka 1938 Oliver akafa maskini huko Savannah wakati Armstrong akijulikana ng'ambo zote za bahari. Lakini Armstrong hakuchoka kumtaja mpaka uzeeni, na jina alilomwitia ni Papa Joe. Kisha Mzee angehamia kwa Clark Terry, mpiga tarumbeta mwingine wa Marekani, aliyemfundisha Quincy Jones akiwa bado kijana wa shule kule Seattle, na ambaye mwaka 1959 aliiacha bendi ya Duke Ellington akaenda kupiga katika okestra ya mwanafunzi wake huyohuyo. Hiyo ndiyo aliyoipenda kupita zote. Akiimaliza alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho na kuniambia nifanye hima kuunda bendi kabla meno yake hayajaisha. Niliiunda mwaka 2004, akapiga nami miaka mitatu, na meno yakaisha kweli.

Haya yote mwandishi wenu aliyasikia. Kwa kuwa nilimwamini, niliposikia habari itatoka Jumapili nilimpigia simu mjane wa Mzee nikamwambia kwamba jina la mumewe litakuwamo. Nilimkuta alasiri ameketi barazani na nakala mbili, moja ya kuhifadhi na nyingine ya kumpelekea shemeji yake Ahero. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma polepole hadi wa mwisho, nami nimesimama pale kama mwanafunzi anayesubiri kiboko kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma njiani. Alipofika mwisho hakusema kitu. Alifunua ukurasa uliofuata aone kama habari inaendelea huko, akakuta tangazo la matangi ya maji, akalisoma nalo. Kisha akakunja gazeti mara nne, akaniambia, "Labda wataandika kesho, mwanangu." Sijawahi kupewa aibu ya namna ile na mtu aliyekuwa akijaribu kunifariji.

Na kwa kuwa nimeshaishika kalamu: mlisema pia kwamba jazi ni muziki mgeni unaoanza kubisha hodi Kisumu. Shirati Jazz na Victoria Jazz ziliitwa hivyo kabla mwandishi wenu hajazaliwa. Nakubali kwamba walichopiga ni benga, muziki wetu wa magitaa, kama vile Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe haikuwa ikipiga muziki wa New Orleans. Enzi hizo bendi ya dansi kuitwa Jazz lilikuwa jambo la kawaida. Ila neno hilo liko hapa tangu zamani, na wapulizaji walikuwapo pia, wengine wao wakijifunza kwa kutegea redio usiku. Lebo ya santuri ilibeba jina la bendi na la mtunzi, na mpuliza tarumbeta akaenda nyumbani na nauli. Sasa hata gazeti, lenye kurasa 48 na nafasi ya matangi, linamfanyia vilevile.

Jina la mwalimu wangu sitaliandika katika barua hii, na ninafanya hivyo kwa makusudi. Mnalo. Nililiandika kwa mkono wangu katika daftari la mwandishi wenu, majina yote matatu, kwa herufi kubwa, kwa kuwa aliniomba nimsaidie tahajia. Ukurasa wenyewe una doa la chai upande wa kulia, na chai hiyo niliimwaga mimi. Mlitafute, kisha mlichapishe Jumapili ijayo katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule mlioutumia kuandika "aliyejifundisha mwenyewe". Mjane wake ameshamlipa muuza magazeti wa Kibuye nakala mbili nyingine.

Mpuliza tarumbeta,
Kisumu