Kipindi cha Kiingereza kimehamia Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Kipindi cha Ijumaa kimesogea hadi Jumamosi saa 10 jioni, palepale maktaba.

1. Kila mtu aje na sentensi nne alizotunga mwenyewe, moja kwa kila kitenzi: "say", "tell", "lend", "borrow". "Niazime kalamu" ndiyo inayotuponza zaidi. Anayetoa ni "lend", anayechukua ni "borrow", kwa hiyo "borrow me a pen" tuiache jamani. Na "tell" kwa kawaida humtaka anayeambiwa: "she told me", kamwe si "she said me". "Tell a lie" ina mambo yake, tutafika.

2. Fotokopi shilingi 1,000, apewe mweka hazina.

Anayekuja aandike "nipo" kabla ya Ijumaa saa 2 usiku, nijue nakala ngapi. Mwenye udhuru naye aseme tafadhali.