Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): turuhusuni tulete kozi za likizo ndefu

Ndugu Katibu Mtendaji, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Newala, msimu wa salfa, unga tunaoupulizia mikorosho kuikinga na ugonjwa. Leo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa shambani kwa mjomba. Umande ulikuwa bado kwenye maua ya mikorosho, upepo umetulia, na kijana aliyebeba bomba la injini mgongoni akawa anapuliza mti baada ya mti mpaka shamba likajaa ukungu wa njano. Ukichelewa hadi jua likapanda, umande unakauka, upepo unaanza, salfa haishiki. Hayo nayajua tangu utotoni. Lakini kwa nini ubwiri unga, ugonjwa huo wa ukungu, hupenda majani mororo na maua machanga, hilo nilijifunza nikisoma uzamili, mbali na mikorosho, kwa picha za ukutani.

Vyuo vyetu vingi hufunga kuanzia Julai hadi Oktoba. Miezi hiyohiyo ndiyo mkorosho unapuliziwa, unachanua, unazaa, hadi minada inakaribia. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kuhitimu bila kulishika ua la mkorosho, na kosa si lake.

Katika vyuo kadhaa vya Marekani, wanafunzi wa uzamivu hubuni kozi zao za kiangazi. Mtu anaandika pendekezo: lengo la somo, mada za kila wiki, vitabu, na namna atakavyopima wanafunzi. Idara inachuja, na anayepita anafundisha akiwa na msimamizi. Chuo kinapata somo ambalo lisingekuwepo, naye anajifunza kufundisha kabla hajaajiriwa.

Kozi yangu, ya mkorosho, nimeshaiandika. Ni ya wiki nne, krediti 10, yaani saa 100 kwa hesabu mnayoitumia nyinyi wenyewe. Alfajiri tuko shambani, mchana tunakwenda kwa watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, na wiki ya mwisho tunahamia ghala la chama cha msingi cha ushirika. Pale tutakata korosho ghafi za sampuli, tuzitenge zilizo nzima, zilizosinyaa na zenye ukungu, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kwa nini gunia la huyu linapewa daraja la kwanza na la jirani yake linashuka la pili.

Mwenzangu wa historia, mwenyeji wa Lindi, ana kozi ya Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa aliyetoka humo amesimama Berlin hadi leo. Anataka wanafunzi waifuate njia ya wapagazi, wakae na wazee wa vijijini, na wamsome Boheti bin Amrani, msimamizi wetu aliyeongoza wachimbaji. Nilipoisoma rasimu yake nilitamani ningekuwa mwaka wa kwanza.

Nilipopeleka ya kwangu ofisi moja nilijibiwa kwamba mwanafunzi hupokea kozi, haleti. Ukurasa wa pili haukufunuliwa. Iliniuma, maana niliiandika miezi mitatu.

Ninachoomba ni mwongozo wenu. Kozi fupi ya likizo iliyoandikwa na mwanafunzi wa uzamili au uzamivu ipite kwenye idara na seneti, bila kusubiri mapitio ya programu nzima, na krediti zake zitambuliwe na chuo anachotoka mwanafunzi aliyeisoma. Hofu ya ubora naielewa, nami ninayo. Mhadhiri mwandamizi aipitie mitihani na asaini alama. Nikishindwa kuitetea kozi yangu mbele ya idara, ikataliwe, lakini isomwe kwanza.

Mwakani mjomba atapulizia tena, saa ileile. Ningependa nifike shambani na wanafunzi ishirini nyuma yangu, viatu vimelowa umande, kila mmoja na daftari lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa uzamili, Newala, Mtwara